KOMPYUTA MPYA OFISINI: UFUNGUO WAKE NI WA CHAMA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro vilipoungana chini ya KNCU mwaka 1933, ushirika wa mazao katika nchi hii umesimama juu ya vitu viwili, navyo ni mizani na daftari. Mizani ikisema uongo, mkulima hupunjwa siku hiyo. Daftari likisema uongo, mkulima hupunjwa msimu mzima, na pengine asijue kamwe.

Leo daftari hilo linahama. Vyama vya msingi vinanunua, na vingine vinapewa, kompyuta mpakato, yaani ile kompyuta ya kukunja ambayo wengi huiita laptopu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, inao mfumo wa kompyuta uitwao MUVU kwa ajili ya kusimamia vyama na kupokea taarifa zao. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama chombo hiki kiingie ofisini au kisiingie. Jambo la kuamua ni kwamba kitaingia kama mali ya chama, au kama mali ya mtu mmoja aliyebahatika kujua kukiwasha. Uamuzi huo hufanyika katika siku chache za mwanzo, mara nyingi bila mtu yeyote kutambua kwamba umefanyika.

KABLA YA KUWASHA

Kompyuta ipokewe kama inavyopokewa mizani mpya au pikipiki ya chama. Boksi lifunguliwe mbele ya katibu na wajumbe wasiopungua wawili. Namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kompyuta iandikwe katika daftari la mali za chama, pamoja na tarehe, bei na jina la muuzaji. Chaja nayo iandikwe, kwa maana kompyuta isiyo na chaja yake ni boksi tupu. Risiti na hati ya dhamana ziwekwe katika jalada, zisibaki mfukoni mwa aliyetumwa mjini kununua.

Chama kinachopewa msaada wa kompyuta iliyokwisha kutumika kiulize swali moja kabla ya kushukuru: je, mfumo wake wa kuendeshea bado unatunzwa na waliouunda? Windows 10, ambao uko katika kompyuta nyingi za aina hiyo, ulifika mwisho wa kutunzwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kupokea Windows 11 yaweza kufaa kwa kuandika barua, lakini si ya kuaminiwa hesabu za wakulima huku imeunganishwa na intaneti.

Hali kadhalika mahali pa kuiweka paamuliwe mapema. Pawe pakavu, mbali na gunia la mbolea na mbali na dirisha linaloingiza vumbi la mizani. Betri huchoshwa na joto, kwa hiyo kompyuta isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Wakati wa radi waya wake uchomolewe ukutani. Betri itaendelea kuilisha mpaka mvua ipite.

MASWALI YA KOMPYUTA SIKU YA KWANZA

Kompyuta mpya inapowashwa mara ya kwanza huuliza maswali. Wengi huyajibu kwa haraka ili wafike mwisho. Yafaa yajibiwe polepole, maana mawili kati yake hubeba hatari kubwa.

Swali la kwanza ni la nchi. Likijibiwa ovyo, kompyuta hufuata desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi mbele ya siku. Hapo 03/04 si tarehe 3 Aprili tena, bali ni tarehe 4 Machi. Katika barua kosa hilo ni dogo. Katika orodha ya mikopo ya pembejeo, huweza kumfanya mkulima aliyelipa kwa wakati aonekane amechelewa, au malipo ya msimu mmoja yaangukie msimu mwingine. Basi nchi ichaguliwe Tanzania, na saa ichaguliwe ile iliyoandikwa Nairobi, kwa sababu saa za nchi hizi mbili ni moja. Kisha tarehe ijaribiwe kwa kuandikwa mara moja na kutazamwa.

Swali la pili ni la akaunti, na hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo haya. Kompyuta yenye Windows 11 humtaka anayeiwasha ajiandikishe kwa anwani ya barua pepe. Katibu ambaye hana anwani ya chama huweka yake mwenyewe, au ya mwanawe aliye shuleni, na kazi inaendelea. Asilolijua ni kwamba kompyuta nyingi mpya hufunga kwa siri kila kinachohifadhiwa ndani yake, na ufunguo wa kufungulia, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti hiyo hiyo. Siku kompyuta itakapoharibika na kutengenezwa, au itakapogoma kufunguka, itaudai ufunguo huo. Ikiwa mwenye akaunti amehama, amefariki, au ameondoka kwa ugomvi, chama kitakuwa na kompyuta mkononi na hesabu zake zote ndani, lakini hakitaweza kusoma hata mstari mmoja. Fundi naye hatakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kabla boksi halijafunguliwa, chama kiwe kimekwisha kufungua anwani ya barua pepe kwa jina la chama. Namba ya simu itakayotumika kurejesha nywila iliyosahaulika iwe ya laini ya chama. Baada ya kompyuta kuwaka, ufunguo ule wa tarakimu 48 utafutwe katika akaunti ya chama, unakiliwe katika karatasi, usomwe tena na mtu wa pili ili kuhakikisha hakuna tarakimu iliyorukwa, kisha uwekwe ndani ya sefu.

NYWILA NI KAMA SAHIHI YA HUNDI

Hundi ya chama haitiwi sahihi na mtu mmoja. Sababu yake si kwamba kila mweka sahihi ni mwizi. Ni kwamba chama hakipaswi kumtegemea wala kumjaribu mtu mmoja peke yake. Nywila nayo itazamwe hivyo hivyo.

Katibu na mhasibu kila mmoja awe na jina lake la kuingilia katika kompyuta, na nywila yake asiyompa mwingine. Jina kuu, lile lenye mamlaka ya kuongeza programu na kubadili mipangilio, lisitumiwe kwa kazi za kila siku. Nywila ya jina kuu na ya barua pepe ya chama ziandikwe, zitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi juu ya gundi na mwenyekiti pamoja na katibu, kisha iwekwe katika sefu. Ikifunguliwa, sababu iandikwe, nywila ibadilishwe, na bahasha mpya ifungwe. Aidha, katibu anapokabidhi ofisi, kukabidhi kompyuta kusiwe kukabidhi chuma tu. Mpokeaji aiwashe, aingie, afungue madaftari yaliyomo, na nywila zote zibadilishwe siku hiyo hiyo mbele ya mjumbe wa bodi.

DAFTARI LA KWANZA

Baada ya hapo kazi huanza. Si lazima chama kinunue programu ya gharama kubwa. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na programu za ofisi za kuonjwa kwa muda, ambazo muda ukiisha hudai malipo. Ipo programu ya bure iitwayo LibreOffice, inayotosha kwa barua, mihutasari na majedwali ya hesabu.

Jedwali la kwanza lifanane na daftari ambalo wanachama wamekwisha kulizoea. Tuseme safu ya A ni tarehe, B namba ya mwanachama, C jina, D kilo, E bei, F thamani, G ushuru wa chama, H makato ya pembejeo, na I malipo halisi. Mwanachama ameleta kahawa kilo 86, bei ni shilingi 4,000, ushuru ni shilingi 100 kwa kilo, na anadaiwa pembejeo za shilingi 50,000. Thamani ni shilingi 344,000, ushuru ni 8,600, naye atapokea shilingi 285,400. Katika mstari wa pili wa jedwali, kompyuta huelekezwa kwa kuandikwa =D2*E2 katika safu ya F, na =F2-G2-H2 katika safu ya I. Maelekezo hayo yakinakiliwa kwenda chini, kila mkulima huhesabiwa kwa kanuni moja.

Hata hivyo, kompyuta hutii kilichoandikwa na haijui kilichokusudiwa. Karani akiandika “86kg” badala ya 86, kompyuta huyachukua hayo kuwa ni maneno, wala si tarakimu, na inapojumlisha safu ya kilo huziacha kilo 86 nje bila kusema kitu. Mstari ukiongezwa chini ya jumla, nao hubaki nje. Kwa hiyo katibu anayeijua leja vizuri lakini anaogopa vibonyezo, na kijana anayekimbia juu ya vibonyezo lakini haijui leja, wakae meza moja. Kila mmoja anacho anachokikosa mwenzake, na chama kinawahitaji wote wawili.

Daftari la mkono lisiwekwe kando mapema. Kwa msimu mzima wa kwanza, mapokezi yote na fedha zote ziandikwe kote kuwili. Kila mwisho wa mwezi urari wa daftari na urari wa kompyuta vilinganishwe mbele ya mjumbe wa bodi. Vikitofautiana hata kwa shilingi moja, chanzo kitafutwe hadi kipatikane. Kazi hii huchosha, lakini ndiyo inayowafundisha watumishi, na ndiyo itakayolipa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, njia ya kufuatilia hesabu kutoka stakabadhi ya mkulima hadi mizania ya chama. Stakabadhi na hati za malipo ziendelee kutunzwa. Kompyuta haiwi ushahidi wa fedha ambazo hazina karatasi.

NAKALA TATU

Moto huunguza ofisi, mwizi hubeba kompyuta, na mashine hufa bila kuugua. Dawa yake ni nakala. Madaftari yawe mahali patatu: ndani ya kompyuta, katika flashi iliyomo ndani ya sefu, na katika flashi nyingine iliyo nje kabisa ya jengo, kama vile katika ofisi ya Chama Kikuu. Flashi hizi zibadilishane zamu kila wiki, na wakati wa ununuzi nakala ichukuliwe kila jioni. Zisitumiwe kwa nyimbo wala zisichomekwe katika kompyuta za watu wengine, maana virusi husafiri kwa njia hiyo. Tena nakala isiaminiwe kwa kuwa ipo. Mara moja kwa mwezi flashi ifunguliwe na hesabu zilizomo zisomwe.

MWANACHAMA ASIACHWE NJE

Zamani mkulima alisimama mbele ya meza, akauliza jina lake, na karani akaligeuza daftari ili alione. Mkulima hakuwa na elimu kubwa, lakini aliiona tarakimu yake na akaikumbuka. Kompyuta hugeuzwa vilevile, na jambo hilo lisionekane kuwa ni usumbufu. Mwanachama akiuliza, kioo kigeuzwe aone mstari wake. Apewe stakabadhi kama zamani. Na mwisho wa ununuzi apewe karatasi ya hesabu yake iliyochapwa. Jumla za chama zibandikwe ubaoni. Lakini madeni ya mtu mmoja mmoja na namba za akaunti za benki zisibandikwe wala zisitumwe ovyo kwa simu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhifadhi mkulima kama inavyomhifadhi mtu mwingine yeyote.

Ndugu wanachama, katika mkutano mkuu ujao wa kila chama chenye kompyuta, yafaa maswali manne yaulizwe na majibu yaingizwe katika mihutasari. Kompyuta imesajiliwa kwa jina la nani? Bahasha ya nywila iko wapi? Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na nani aliijaribu? Urari wa daftari na wa kompyuta ulilingana mwezi uliopita? Maswali hayo hayahitaji ufundi. Mwanachama yeyote anayeweza kuuliza uzito wa gunia lake anaweza kuyauliza, na bodi ina wajibu wa kuyajibu.