Askari anayesoma apewe nafasi



Mazungumzo yetu ya wiki hii yanamhusu mtu ambaye sote tunamtegemea, lakini aghalabu tunamkumbuka pale tu tunapoibiwa au tunapokamatwa. Mtu huyo ni askari polisi. Na hasa namkusudia yule askari ambaye akivua magwanda jioni hufungua buku, kwa sababu ameamua kujiendeleza kimasomo hali yumo kazini.

Wapo watakaouliza: askari na shahada, wapi na wapi? Kazi yake si kulinda na kukamata? Suali hili lina jibu, na jibu lake limo katika sheria zetu wenyewe.

Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano. Ni jeshi moja tokea Kagera hadi Makunduchi, na askari wake wengi hupata mafunzo ya mwanzo katika Shule ya Polisi iliyoko Moshi. Lakini sheria za jinai, kwa sehemu kubwa, si za Muungano. Bara wana Kanuni ya Adhabu yao. Sisi tuna Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018. Bara wana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Sisi tuna yetu, Namba 7 ya 2018. Sheria ya Ushahidi ya Bara ni ya 1967. Ya Zanzibar ni ya 2016. Sheria ya Mtoto ya Bara ni ya 2009. Ya kwetu ni ya 2011.

Sasa tumchukue konstebo aliyefanya kazi miaka mitano Mwanza, kisha akahamishiwa kituo cha Malindi, hapa Mji Mkongwe. Magwanda ni yale yale na cheo ni kile kile, lakini kifungu alichokizoea hakipo tena. Na wiki ya mwanzo tu anaweza kuletewa kesi ya dawa za kulevya, au ya mtoto aliyedhalilishwa.

Hapo ndipo elimu inapokuwa si pambo. Maelezo ya mlalamikaji huandikwa na askari. Kielelezo hukamatwa na askari, naye hutakiwa aonyeshe kimepita mikono ya nani mpaka kikafika mahkamani. Jalada likifika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, huamuliwa kwa kile kilichoandikwa ndani yake. Wakili wa mshtakiwa naye husoma hicho hicho. Maelezo yakiwa na pengo, mwenye hatia huenda akarudi mtaani, na mtoto aliyemdhulumu akakutana naye njiani akienda skuli. Kinyume chake ni kibaya vile vile: asiye na hatia huweza kulala rumande kwa sababu aliyemkamata hakujua mipaka ya uwezo wake.

Kwa bahati njema vyuo tunavyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kinachomwezesha mtu kusoma bila ya kuacha kazi, kina kituo chake hapa Unguja. Chuo Kikuu cha Zanzibar, kule Tunguu, kilianza 1998 na kinasomesha sheria. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999.

Kwa hiyo askari hakukosa mlango wa kuingilia. Ada ni mzigo, hilo halina ubishi. Lakini hata aliyejilipia ada bado yumo mashakani kwa jambo jengine, nalo ni wakati. Kazi ya polisi ni ya zamu. Leo lindo la usiku, kesho doria, kesho kutwa kuna mgeni mkubwa na ruhusa zote zinasimama. Mtihani haumngoji mtu. Aliyesoma miezi minne akiitwa kazini siku ya mtihani, jasho lake na fedha zake huenda zikapotea pamoja. Akihamishiwa Pemba kati ya mhula, hali ni hiyo hiyo.

Hivyo basi, msaada wa kwanza ninaowaombea hauna gharama kubwa. Kila mkuu wa polisi wa wilaya awe na daftari la wanaosoma na tarehe za mitihani yao. Ratiba ya zamu ipangwe baada ya kulitazama daftari hilo. Uhamisho usio wa dharura ungoje mhula umalizike. Na wasisahauliwe watumishi raia, kama makarani na mafundi, kwani jalada likipotea masjala hata mpelelezi hodari hana la kufanya.

Raia naye ana hoja: kituo kikibaki na askari wawili kwa sababu wenzao wako darasani, mwizi akija usiku nani atatoka? Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana idadi ya wanaosoma iwe na kikomo kwa kila kituo, na watu wapishane.

Wengine wanahofu kwamba askari akishapata shahada ataihama kazi. Marekani walilikabili suali hilo zamani. Kwa sheria ya 1968 serikali yao ilianzisha mpango wa kuwasomesha askari waliomo kazini. Aliyekopeshwa na akabaki kazini alisamehewa robo ya deni kwa kila mwaka. Miaka minne, deni limekwisha. Lakini fedha zilipomiminika, baadhi ya vyuo vilifungua masomo hafifu, na ripoti ya wataalamu ya 1978 ilivilaumu kwa kuwarudishia askari yale yale ya chuo cha polisi. Sisi tuuchukue mkataba wao, na hilo la pili tujihadhari nalo. Mkubwa anayetoa ruhusa aulize: huyu anakwenda kusoma nini, na kitatusaidia vipi pale kaunta?

Tunawalaumu polisi kila siku, na mara nyingine tuna sababu. Lakini ukitaka askari anayeijua sheria, basi siku ya mtihani wake mwache aende.