Mausia: Neno la Mungu Anayekuja Kutazama

Kama Biblia yako iko karibu, fungua Zaburi ya 119. Usiogope urefu wake. Ina mistari 176, iliyopangwa katika mafungu 22, fungu moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na kila fungu lina mistari minane. Wengi wetu huisoma mbio mbio, maana twaona kama mwandishi anarudia jambo moja tu: sheria, amri, shuhuda, hukumu, mausia. Lakini kila neno hapo lina ukoo wake. Leo tulishike hilo la mwisho, mausia.

Waliotutafsiria Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliliweka neno hilo mahali pengi katika zaburi hii. Kwingine waliandika maagizo, kama katika Zaburi 19:8 na 103:18. Kwa Kiebrania neno ni pikudim. Linapatikana mara 24 katika Agano la Kale, zote katika Zaburi, na mara 21 kati ya hizo ni katika hii ya 119. Kwa hiyo si neno la mahakamani. Ni neno la watu wanaoomba na kuimba.

Usia twaujua sisi sote. Mzee akiona siku zake zimekwisha, huita watoto wake, akawaambia juu ya shamba, juu ya madeni, juu ya mama yao. Ni neno zuri, nami nashukuru kwamba watafsiri walilichagua. Ila lina upungufu mmoja: anayetoa usia yuko safarini kwenda zake, wala hatarudi kuona kama umeshikwa. Pikudim haliko hivyo.

Neno hili limetoka katika kitenzi pakad. Maana ya neno haipatikani kwa kuchimba mizizi peke yake, najua, lakini tazama kitenzi hiki kinavyofanya kazi. Katika 1 Samweli mlango wa 17, Yese anampa Daudi efa ya bisi, mikate kumi na jibini kumi, apeleke vitani, akawaangalie ndugu zake kama wazima. Kuwaangalia huko ni pakad. Sara alipopata mimba katika uzee wake, Mwanzo 21:1, Bwana alikuwa amemjia: pakad. Yusufu alipokuwa akifa huko Misri aliwahakikishia ndugu zake kwamba Mungu atawajia, na kitenzi ni kile kile. Potifa alipomweka Yusufu awe msimamizi wa nyumba yake, ni hicho tena. Na Musa alipowahesabu wana wa Israeli jangwani, waliohesabiwa wanaitwa kwa neno la ukoo huo huo.

Basi twaona kwamba ni kuhesabu, ni kwenda kutazama, tena ni kumkabidhi mtu kazi. Mchungaji wa mbuzi huyafanya yote matatu jioni moja zizini. Huhesabu, huona mmoja hayupo, humwagiza kijana ashike taa akamtafute. Agizo lile halikutoka katika kitabu. Limetoka katika kukosekana kwa mbuzi.

Kukosekana nako kumo katika kitenzi hiki. Soma 1 Samweli mlango wa 20. Kesho ni mwandamo wa mwezi, na Yonathani anamwambia Daudi kwamba atakosekana, kwa kuwa kiti chake kitakuwa kitupu. Ni pakad mara mbili katika mstari mmoja, wa 18. Sauli naye alikiona kiti kile. Siku ya kwanza alinyamaza, siku ya pili akauliza, lakini aliuliza kwa sababu alitaka kumwua. Ndugu zangu wazee wa kanisa, hapo pana hatari yetu. Daftari la washirika twaweza kulifungua kama Yonathani au kama Sauli. Wako washirika ambao siku walipoonekana tumewakumbuka, ilikuwa ni kwa ajili ya mchango ambao hawakuutoa, au kwa kosa lililosikika sokoni.

Nabii Yeremia aliwakabili wachungaji wa Israeli kwa neno hili hili, mlango wa 23, mstari wa 2. Kondoo wametawanyika, na wachungaji hawakwenda kuwatazama. Kwa hiyo Mungu asema atawapatiliza wao. Kwa Kiswahili ni maneno mawili, kutazama na kupatiliza. Kwa Kiebrania ni kitenzi kimoja, pakad, kimewageukia wale waliokataa kukifanya. Mtu asidhani kwamba ameshika mausia ya Bwana kwa kuwa anayajua kwa moyo, ikiwa mjane aliyeketi karibu naye kanisani hajaonekana tangu mvua zilipoanza naye hajamwulizia.

Lakini labda unanisikiliza ukiwa wewe ndiwe uliyekosekana. Pengine ni ugonjwa. Pengine ulikwazwa, au ulianguka ukaona haya kurudi, na hakuna aliyekuja kubisha hodi. Usiiache zaburi hii kwa kuona kwamba ni ya watu waliosimama imara. Nenda mpaka mwisho wake. Baada ya mistari 175 ya kuipenda sheria ya Mungu, mwandishi anasema kwamba yeye mwenyewe amepotea kama kondoo, na anamwomba Bwana aje amtafute.