Kofia ya Nana Asma'u

Msikilizaji, akitajwa mwanamke msomi wa karne ya 19, sisi wa pwani jina la kwanza mdomoni ni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, na anastahili. Leo nataka twende Afrika Magharibi, Sokoto, kaskazini mwa Nigeria ya sasa, kwa malenga mwingine wa zama zile zile: Nana Asma'u.

Alizaliwa mwaka 1793, binti wa Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni ambaye jihadi yake iliyoanza 1804 ilizaa dola ya Sokoto. Katika nyumba ile mabinti walisomeshwa kama wana wa kiume. Asma'u akatunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Wanaomsifu wengi huishia kwenye kalamu hiyo. Mimi kinachonivutia ni alivyowafikia wasiojua kusoma. Wanawake wa vijijini, baadhi yao wakiwa wametekwa vitani, kitabu kingewafaa nini? Akawatungia mashairi ya kukariri: mambo ya ibada, sira ya Mtume, habari za dola yenyewe. Kisha akaunda jeshi la walimu wanawake, Yan Taru. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, akiitwa jaji, na Asma'u alimvisha malfa, kofia kubwa ya majani yaliyosukwa. Kofia hiyo hapo awali ilikuwa ya Inna, mkuu wa ibada ya mizimu ya bori kule Gobir, ufalme wa Kihausa. Asma'u akaichukua, akaitia katika kazi ya dini yake. Ujanja huo wa siasa mawaziri wengi hawana!

Jaji aliongozana na kina mama watu wazima na wasichana wadogo hadi Sokoto. Walirudi makwao na beti kichwani, wakawasomesha wenzao majumbani, hata wale wasioruhusiwa kutoka.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Dola ile ilitumikisha watumwa, naye aliitetea kwa tungo zake.

Alifariki mwaka 1864. Kazi ikapokewa na mdogo wake Maryam, na Yan Taru wapo Nigeria hadi leo. Ninyi ambao miradi yenu ya kuwaelimisha wanawake hufa siku mfadhili anapofunga virago, someni habari za Asma'u kabla hamjaandika ombi jingine la fedha.