KINYWE CHA MAHENGE NA MKOPO WA FREMU: maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi

 Wengi hamkufika jana kwa sababu ya mavuno. Naweka hapa nilichosema ili msikipate kwa kusimuliwa vijiweni.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wazee wetu, mama zangu na vijana. Nimeombwa nieleze ajenda ya tatu: kikundi chetu kukopa benki kijenge fremu kumi karibu na stesheni ya TAZARA, dhamana ikiwa mashamba ya mpunga ya wenzetu saba. Naomba niseme mapema kwamba siungi mkono tukope sasa.

Utajiri upo, simbishii mtu. Desemba 2021 Serikali ilisaini na Black Rock ya Australia, ikaundwa Faru Graphite: wao asilimia 84, Serikali 16. Aprili 2023 yakafuata makubaliano ya Epanko. Kinywe ndicho kinachotengenezea betri za magari ya umeme, na mpango wa kampuni ni kuushusha mzigo kwa barabara hadi reli hapa Ifakara, uende bandari ya Dar. Kuanzia hapo madalali wa viwanja hawalali.

Mimi nimesomea uhasibu. Mauzo ambayo hayajafanyika huwezi kuyaandika kama mapato. Ushuru wa huduma hutozwa kwenye mauzo. Pasipo mauzo hakuna ushuru. Na mgodi uko Ulanga, siyo kwetu. Hata mpango wa kampuni kuchangia jamii, ule wa Sheria ya Madini, hukubaliwa na halmashauri yenye mgodi. Sisi tutapitiwa na malori.

Kupitiwa tunakujua. Dada yangu alikuwa akiuza wali na samaki kivukoni. Magari yalipanga foleni, abiria wakashuka, wakala. Tulililia daraja, na pantoni ilipopinduka Januari 2016 tulilia zaidi. Mei 2018 likafunguliwa, mita 384, na hakuna anayetaka turudi nyuma. Lakini dada alikuwa amekopa miezi michache kabla ili apanue banda, akisema daraja litaleta magari mengi. Kweli yalikuja. Yanapita bila kusimama. Mkopo aliumaliza kwa kuuza ng'ombe wa mama.

Wenzetu wa Mtwara na Lindi nao walijenga gesti na kununua viwanja gesi ilipogunduliwa baharini. Mei 2013 ikawa vurugu, bomba likakamilika 2015, gesi ikaja Dar. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi Lindi hadi leo hakijajengwa. Aliyekopa kwa matumaini yake alianza kulipa riba mwezi uliofuata, kwa sababu benki haikuahidiwa gesi, iliahidiwa marejesho.

Sasa msiseme Katibu ni mwoga. Kambi ya mgodi itakula, na sisi tuna mchele. Kanuni za mwaka 2018 zinataka kampuni za madini zianze na bidhaa za Watanzania. Lakini mgodi haununui kwa mtu mwenye gunia begani. Unataka kikundi kilichosajiliwa, chenye TIN, akaunti, risiti na mchele uliopangwa madaraja. Hayo gharama yake ni ndogo, na mgodi ukichelewa tutauza mchele uleule Dar kwa bei nzuri zaidi.

Wenye mashamba vijijini, fuatilieni hati za kimila kabla dalali hajaja na karatasi yake. Na mzee, usiweke sahihi peke yako. Mama asije akasikia shamba limeuzwa siku anapoona trekta la mtu mwingine. (Mnacheka, lakini mwaka huu nimeshapokea malalamiko mawili ya namna hiyo.)

Ajenda haikupigiwa kura. Inarudi Jumapili saa 10 jioni. Wale saba waliokwisha kusaini fomu za dhamana waje nazo, na waje na wenza wao. Fomu hazijapelekwa benki, ninazo nakala.

Katibu wa Tawi