Mikono Inayotetemeka

Mazungumzo kwa waimbaji, wapiga kinanda na wakristu wote, katika siku 3 za matayarisho ya Yubile ya Parokia



Baba Paroko aliniomba niseme nanyi kuhusu muziki katika ibada. Labda wengi mnangoja nieleze historia ya nyimbo zetu tangu wakati wa wamisionari wa kwanza. Historia hiyo wako wazee wanaoijua kunishinda. Mimi nataka kusema juu ya jambo dogo ambalo hatulisemi hata siku moja, nalo ni woga wa mtu anayeketi mbele ya kinanda huku kanisa zima likimngoja.

Mtaniuliza: Mwalimu, hilo nalo ni jambo la Yubile? Nawajibu kwamba ndiyo. Parokia yetu ina piano moja ya umeme, na kinanda kimoja cha kale cha kukanyaga kwa miguu. Wanaojua kuvipiga ni watu 4 tu. Zamani walikuwa 5. Huyo wa tano hakufa wala hakuhama. Alinyamaza kwa woga, nami nina sehemu kubwa katika kunyamaza kwake. Ameniruhusu nieleze habari hiyo, mradi nisitaje jina lake.

Ilikuwa usiku wa Pasaka, miaka 3 iliyopita. Mnajua kwamba tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu kinanda hunyamaza, na usiku ule wa Pasaka husikika tena katika Utukufu, pamoja na kengele na vigelegele vya akina mama. Binti huyo, mwenye miaka 17, alikuwa amefanya mazoezi tangu mwanzo wa Kwaresima. Padri alipoanza Utukufu, binti akaweka mikono yake juu ya kinanda, na kwa kutetemeka akaanza juu mno. Waimbaji wakajaribu kupanda, sauti zikawakatika. Watu wengine wakacheka. Nami niliyesimama kuongoza korali nikageuka, nikamkazia macho, nikainua mkono kumwambia: Acha! Akaacha. Tuliimba Utukufu wote bila kinanda. Siku ya Mungu iliyofuata alikuja Misani, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na mama wenye watoto wachanga. Kutoka siku ile hakugusa kinanda tena.

Ndugu zangu, kwanza tuelewe woga huu ni kitu gani, kwani wengi husema ni upungufu wa imani, ama ni alama kwamba mtu hakujifunza vizuri. Sivyo. Muumba wetu ametia ndani ya mwili wa mwanadamu tezi mbili ndogo, juu ya mafigo. Mtu akikutana na chui njiani, tezi hizo humwaga ndani ya damu homoni iitwayo adrenalini. Mara moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, kinywa hukauka, na damu huondoka katika ngozi na vidole kwenda kwenye nyama kubwa za miguu na mikono, ili mtu apate kukimbia ama kupigana. Ni msaada mkubwa kwa mwenye kukutana na chui. Lakini mpiga kinanda hawezi kukimbia, wala hana wa kupigana naye. Anabaki ameketi na vidole vya baridi vyenye jasho, na moyo unaokwenda mbio kuliko wimbo. Ndiyo sababu mwenye woga huharakisha: yeye adhani anapiga kwa mwendo wa mazoezi, kumbe ameuacha mbali.

Hata mabingwa wa dunia hawakuokoka na jambo hilo. Chopin, mtunzi mkuu wa piano aliyezaliwa Polandi mwaka 1810, aliogopa umati wa watu, hata katika maisha yake yote alipiga mbele ya watu wengi mara 30 hivi tu. Vladimir Horowitz, aliyezaliwa mwaka 1903, alihesabiwa kati ya wapiga piano wakubwa kuliko wote wa wakati wake; lakini mwaka 1953 aliacha kupiga mbele ya watu, akakaa miaka 12. Aliporudi, tarehe 9 Mei 1965, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, alikosea nota mwanzoni kabisa mwa kipande cha Bach alichofungulia. Hakusimama. Aliendelea mpaka mwisho, na watu wakamshangilia. Aliendelea na kazi yake, hata mwaka 1986, akiwa mzee wa miaka 82, alipiga Moscow, katika nchi aliyoiacha tangu mwaka 1925. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi, kwenu ninyi wapiga kinanda, vijana na watu wazima, ninayo maneno 5 ya kuwasaidia.

La kwanza: msitegemee vidole peke yake. Kuna kujua kwa vidole, na kuna kujua kwa kichwa. Kujua kwa vidole hupatikana kwa kurudia mara nyingi, lakini ndiko kunakokimbia kwanza woga ukija. Kwa hiyo jifunzeni wimbo pole pole, mkono wa kushoto peke yake, mkono wa kuume peke yake. Mjue majina ya nota zake. Mzoee kuanza katikati, katika kila mstari wa wimbo, wala si mwanzoni tu. Mtu anayejua milango mingi ya nyumba hapotei umeme ukizimika.

La pili: zoeeni watu kidogo kidogo. Aliyepiga chumbani peke yake kwa miezi miwili, akaja kupiga mbele ya watu elfu moja, ameruka ngazi nyingi. Mpige kwanza mbele ya mama na wadogo zenu, halafu mbele ya shirika lenu, halafu katika Misa ya asubuhi ya siku za kazi. Tena mpige kanisani penyewe, juu ya kiti kilekile, mmevaa viatu vilevile vya sikukuu. Maana kiti kilicho kirefu kuliko cha nyumbani chatosha kumvuruga mtu.

La tatu: kabla ya kuanza, ngojeni pumzi 3. Mvute pumzi kwa puani, mtoe pole pole zaidi ya mlivyovuta, kwani kutoa pumzi kwa urefu huutuliza moyo. Halafu mwimbe moyoni mstari wa kwanza, kwa mwendo wake wa kweli, ndipo mguse kinanda. Padri atangoja. Kanisa litangoja. Hakuna Misa iliyoharibika kwa sababu ya pumzi 3.

La nne: mkikosea, endeleeni. Msirudi nyuma kurekebisha, maana waimbaji hawawezi kurudi pamoja nanyi. Nota iliyokosewa imekwisha kupita, lakini nota inayofuata ingali inawangoja. Nilipokuwa katika seminari ndogo nilipiga kinanda mara ya kwanza mbele ya mgeni mkubwa, nikakosea katika wimbo wa matoleo. Nilirudia mstari mara tatu ili niupige bila kosa, mpaka matoleo yakaisha na wimbo ukabaki njiani. Laiti ningeendelea! Kosa moja lingepita bila mtu kulijua, lakini makosa matatu kila mtu aliyasikia.

La tano: msitafute ujasiri katika chupa. Pombe hupunguza woga, lakini huwapunguza vidole na masikio pia. Tena, katika nchi nyingi wako wapiga muziki wanaomeza propranololi, dawa ya wagonjwa wa moyo na ya damu iliyopanda, kwa sababu huzuia mikono isitetemeke. Dawa hiyo si ya kununua ovyo sokoni. Mwenye pumu aweza kuzibwa pumzi nayo. Ni kazi ya daktari kuamua.

Juu ya maneno hayo yote liko jambo ambalo mpiga kinanda wa kanisa analo, na wa ukumbi hana. Mwaka 1903 Papa Pio wa X aliandika barua juu ya muziki mtakatifu. Katika barua ile alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma! Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliweka mbele heshima ya kinanda kikubwa cha mabomba, ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada. Ndiyo maana leo ngoma na piano zinakaa pamoja karibu na altare yetu. Lakini neno moja la Pio wa X lingali lina nguvu: chombo cha muziki kipo ili kibebe wimbo, kisiufunike. Mpiga kinanda wetu haji kufanya mtihani. Anakuja kubeba sauti za watu, kama msaidizi abebavyo kitabu mbele ya Padri, wala hakuna anayehesabu hatua za msaidizi.

Sasa nageuka kwenu ninyi mnaosikiliza, nami nikiwa wa kwanza. Nimewapa wapiga kinanda maneno 5, lakini hata wakiyashika yote, itabaki sehemu isiyo mikononi mwao. Sehemu hiyo iko katika nyuso zetu.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma kwamba Daudi alikuwa akimpigia mfalme Sauli kinubi, naye Sauli akashika mkuki akamtupia. Tunamlaumu Sauli. Lakini kicheko nacho ni mkuki, na jicho kali la mwongozi wa korali ni mkuki vilevile.

Niwape mfano mwingine, ulio kinyume cha huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjini Amsterdam, mpiga piano Maria João Pires wa Ureno aliketi kupiga pamoja na okestra, watu wakiwa wamejaa. Okestra ikaanza, naye akatambua kwa hofu kwamba wimbo ulioanza si ule aliouandaa: ulikuwa wimbo mwingine wa Mozart. Akashika uso wake kwa mkono. Mwongozi wa okestra, Riccardo Chailly, hakusimamisha muziki wala hakumkemea. Huku mikono yake ikiendelea kuongoza, alimtazama kwa tabasamu, akamwambia kwamba wimbo huo anaujua na ataweza. Zamu yake ilipofika, akaanza, akaupiga wote kwa moyo bila kukosea.

Niliposikia habari hiyo, niliona haya. Maana mimi pia nilikuwa na nafasi ya kumtazama mtu usiku ule wa Pasaka. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole: shuka kidogo, tuanze tena. Ilihitaji dakika nusu. Mimi nikampa jicho la Sauli.

Mwaka huu, katika Kwaresima, nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta na mama yake, nikaomba msamaha mbele ya wote wawili. Mama akanipa kiti. Binti akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Mwalimu, mimi nota nilizijua. Tangu mwanzo nilichokiogopa ni kuona mgongo wako unageuka.» Ndugu zangu, mimi nafundisha katekisimu, na kila mwaka nawaeleza watoto huruma ya Mungu. Siku ile nilifundishwa mimi.

Mnakumbuka vita vya Waisraeli na Waamaleki katika Kitabu cha Kutoka. Musa alisimama kilimani, na mikono yake ikawa mizito. Haruni na Huri hawakumwambia kwamba amekosa imani. Walimletea jiwe akalie, mmoja akaishika mikono yake upande huu, na mwingine upande huu, hata jua likatua. Mikono mitakatifu namna ile nayo ilihitaji kushikwa. Sembuse ya mtoto wa miaka 17?

Basi naomba mambo mawili kwa ajili ya sikukuu yetu. Wazazi na wakristu wote, mkisikia kosa, imbeni kwa nguvu zaidi. Sauti zenu ndizo zitakazomrudisha mpiga kinanda njiani. Ninyi waongozi wa korali, mpiga kinanda akiinua macho, ahakikishe anakuta uso na si mgongo. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mikono miwili peke yake haibebi wimbo wa parokia nzima.

Katika Misa ya Yubile, Utukufu utapigwa na binti huyo. Amekubali juma lililopita, baada ya kukataa mara mbili. Ameniambia kwamba bado anaogopa, nami sikumwambia asiogope. Nilimwambia kwamba nitasimama upande wake, mahali atakapoweza kuniona, na kwamba tutangoja pumzi 3 pamoja. Siku hiyo, mkiona kimya kidogo kabla ya Utukufu, msidhani kwamba umeme umekatika. Nanyi ngojeni pamoja nasi, mmwombee, kisha muimbe.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee.  Yezu Kristu asifiwe!