Figo ya Nguruwe: Tuogope Nini?

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya afya ya vikundi vya kanisa, Burnt Forest)



Juzi katika matatu ya kwenda Eldoret abiria mmoja alisema kwamba huko Marekani watu wanawekewa figo za nguruwe. Gari zima likacheka. Mama mmoja akasema hiyo ni dhambi. Lakini kiti cha nyuma kulikuwa na mzee aliyekuwa anaenda kusafishwa damu kwa mashine, kama afanyavyo mara mbili kila wiki. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Na hao waliowekewa, wanaishi?"

Swali la mzee ni zuri, na jibu ni hili. Januari 2022, mjini Baltimore, David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe, akaishi miezi miwili. Machi 2024, mjini Boston, Richard Slayman aliwekewa figo ya nguruwe. Alifariki Mei mwaka huo huo, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ndiyo iliyomuua. Towana Looney alipata yake New York, Novemba 2024. Ilifanya kazi siku 130, halafu mwili ukaikataa, ikatolewa. Kwa hiyo wanaishi, lakini kwa muda. Bado ni majaribio.

Nguruwe amechaguliwa kwa sababu huzaa wengi, hukua upesi, na viungo vyake vinakaribiana na vya mtu kwa ukubwa. Wataalamu hubadilisha chembe zake za urithi ili mwili wa mtu usikatae kiungo hicho mara moja.

Sasa tuangalie hofu zetu, moja moja.

Wengine husema mtu huyo atapata tabia ya nguruwe. Ndugu zangu, kwa miaka mingi wagonjwa wa sukari walidungwa insulini iliyotoka katika kongosho la nguruwe na ng'ombe. Ni nani aliyeota mkia? Figo ni chujio la damu. Haibebi tabia wala roho.

Wengine husema ni mnyama aliyekatazwa. Hapa tusichekane, maana kuna majirani zetu ambao hawagusi nguruwe kabisa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu husema kwamba dharura ya kuokoa uhai inaweza kuruhusu. Upande wa Wakatoliki, chuo cha Papa kinachoshughulikia mambo ya uhai kilisema mwaka 2001 kwamba jambo lenyewe si haramu, ila tupime hatari zake na mgonjwa akubali kwa hiari yake. Kila mtu na amwulize kiongozi wake wa dini.

Lakini kuna hofu mbili ambazo mimi naziheshimu.

Ya kwanza ni magonjwa. Sisi wafugaji hatuhitaji kufundishwa hili. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, na mwaka 1997 na 1998 iliua mifugo na watu hapa Kenya. Virusi vya UKIMWI vilianzia kwa sokwe. Hata ule moyo wa Bennett ulikutwa na virusi vya nguruwe. Basi ugonjwa wa mnyama ukiingia kwa mtu mmoja, jirani naye yuko hatarini.

Ya pili ni umaskini. Mwaka 2025 zilitokea tuhuma kwamba vijana walilipwa ili watoe figo katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Eldoret, na serikali ikasimamisha upandikizaji huko ili uchunguzi ufanywe. Vijana, nisikieni: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza kuuza kiungo cha mwili. Na pesa ya pikipiki huisha, figo hairudi.

Tujiulize pia: kwa nini dunia inamwendea nguruwe? Ni kwa sababu watu wanaohitaji figo ni wengi na wanaotoa ni wachache. Hapa nakiri mbele yenu. Binamu yangu alihitaji figo, tukaitwa mkutano wa ukoo. Mmoja alisema ana shamba la kulima. Mwingine alisema mke wake amekataa. Mimi nilisema nina presha, na sikuwa nimepimwa hata siku moja. Tulimzika kabla ya mkutano wa pili. Siku ya matanga tulichanga ng'ombe wawili bila shida yoyote.

Figo ya nguruwe haijafika kwetu. Lakini Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, hupandikiza figo inayotolewa na jamaa aliye hai. Mtu mwenye afya nzuri, akishapimwa vizuri, anaweza kuishi na figo moja. Si lazima kila mtu atoe, maana upasuaji una hatari zake. Ila kila mtu anaweza kwenda kupimwa na kusema ukweli.

Tusisahau pia kwamba presha na sukari ndizo zinazoharibu figo nyingi. Nendeni mkapimwe hata kama hamuumwi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Ungekubali kuwekewa figo ya mnyama? Kama hapana, unaogopa nini hasa?
2. Je, jamaa yako akihitaji figo leo, ukoo wenu utasema nini?
3. Tuwasaidieje vijana wasishawishiwe kuuza viungo vyao?