Gesi Isiyoonekana

Somo letu la leo ni methani, gesi itokayo ardhini, mara nyingi pamoja na mafuta. Haina rangi wala harufu. Harufu kali ya gesi ya mabomba hutiwa makusudi, ili pua itambue upesi ikivuja.

Sikilizeni jambo lililotokea Marekani. Karibu na mji wa Los Angeles, mahali paitwapo Aliso Canyon, gesi iliwekwa akiba ndani ya miamba iliyokwisha kutolewa mafuta. Tarehe 23 Oktoba 2015 kisima kimoja kiligunduliwa kinavuja. Kisima hicho kilichimbwa mwaka 1953. Bomba lake lilikuwa limeliwa na kutu kwa nje, chini ya ardhi ambako jicho halifiki. Tena vali yake ya usalama iliondolewa mwaka 1979, wala haikuwekwa nyingine. Hakikuzibwa kabisa mpaka Februari 2016. Maelfu ya watu walihama nyumba zao. Ndege yenye vipimo ilipita katika hewa ile, na wataalamu wakakadiria kuwa zilipotea tani 97,000 hivi za methani.

Je, fundi atatambuaje uvujaji? Kwanza, apake maji ya sabuni penye maungio. Povu likifura, gesi inatoka. Asitafute kwa kiberiti hata kidogo! Pili, iko kamera ya infraredi, ambayo huionyesha gesi kama moshi. Tatu, uvujaji mkubwa hutafutwa kwa ndege na satelaiti.

Na dawa yake? Kukaza maungio, kubadili mipira ya kuzibia iliyochakaa, kupima unene wa mabomba, na kukagua kwa zamu bila kungoja harufu.

Kazi hii ina faida tatu. Gesi ni mali, haifai kupotea. Ikikusanyika mahali palipofungwa yaweza kulipuka. Tena, kwa muda wa miaka 20, tani moja ya methani hutia dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vali moja ingaliweza kupunguza hasara ile kubwa.

Swali la kujadiliana katika vikundi vyenu: Kwa nini kisima cha zamani chahitaji kukaguliwa zaidi kuliko kipya?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.